Naomba ushauri: Je, inafaa kumlinganisha korongo-nyangumi na lantana darasani?

Mwalimu wa Mpigi: Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha biolojia katika sekondari moja wilayani Mpigi, Uganda, na ninaandaa somo kuhusu viumbe adimu na viumbe vilivyosambaa. Nimemchagua korongo-nyangumi wa kinamasi cha Mabamba, pamoja na lantana iliyojaa kando ya barabara zetu. Mwenzangu anashikilia kwamba ndege na kichaka havilinganishiki. Mnanishauri nini?

Mwongoza Wageni: Mwalimu, maumbo yao yaache, linganisha jinsi wanavyozaliana na wanavyopata riziki. Korongo-nyangumi hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida ni kinda mmoja tu anayesalimika. Hapa Mabamba windo lake kuu ni kamongo, samaki ambaye hana budi kupanda juu ya maji ili avute hewa, ndiyo maana ndege huyu husimama kimya kwa muda mrefu penye uwazi kati ya mafunjo, kisha hujitupa mzimamzima na kuinuka na samaki pamoja na fungu la majani, ambayo huyaachia yadondoke pembeni mwa mdomo kabla ya kumeza. Kinamasi kikilimwa, riziki yake imekwisha. Wavuvi wa zamani walimhesabu kuwa mkosi. Siku hizi baadhi yao ndio wanaowapeleka watalii kwa mitumbwi kumtafuta.

Mfugaji wa Kasese: Naunga mkono, ila usiwaache watoto wakadhani kwamba kusambaa ni sifa njema. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la bustani. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu popote, na ukiikata bila kung'oa kisiki, huchipua upya. Ng'ombe akiila, ini lake huharibika na ngozi yake huungua juani.

Mpenda Ndege: Ongeza kwamba korongo-nyangumi wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu duniani kote.

Mwalimu wa Mpigi: Nawashukuru sana. Je, wanafunzi wanaweza kuleta matawi ya lantana darasani?

Mfugaji wa Kasese: Walete maua, Mwalimu, kwani wataona katika shada moja yaliyo manjano katikati na yaliyogeuka waridi pembeni. Matunda mabichi yasiingie darasani, kwa kuwa yana sumu.