Siku tatu naambiwa tokeni yangu si halali, kumbe wamehamisha seva kimyakimya

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Skripti yangu ya Python, ambayo kila usiku huchukua orodha ya malipo ya mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa ikifanya kazi vizuri hadi Jumatatu, ilipoanza kurudishiwa jibu la 401, yaani la kukataliwa kwa kukosa uthibitisho, lenye maneno "tokeni si halali" (tokeni ndiyo ufunguo wa siri unaoitambulisha skripti kwa seva). Niliwaandikia wahusika, kampuni ya malipo ambayo sitaitaja, wakaniambia nitengeneze ufunguo mpya. Nikatengeneza. Wakaniambia nisubiri saa 24 kisha nitengeneze mwingine, na muda wote huo mwenye duka alikuwa amekaa na daftari akilinganisha ujumbe wa simu na risiti, moja baada ya nyingine.

Jumatano usiku nikaacha kuwasikiliza. Nilichapisha r.history, orodha ya mielekezo ambayo ombi limepitia, nikakuta 301, msimbo wa kusema anwani imehama: anwani iliyomo kwenye nyaraka zao, ambayo haijabadilishwa hadi leo, inalipeleka ombi kwenye seva yenye jina jingine kabisa. Nikachapisha r.request.headers, yaani heda (mistari ya maelezo inayoambatana na ombi), na mstari wa Authorization, unaobeba tokeni, haukuwemo. Ombi linapoelekezwa kwenye seva ya jina jingine, maktaba ya requests, ambayo skripti yangu huitumia kutuma maombi, huiondoa heda hiyo kwa makusudi ili tokeni isiangukie mikononi mwa asiyehusika, na curl, programu nyingine ya kutuma maombi, nayo hufanya vivyo hivyo tangu toleo la 7.58.0 la mwaka 2018. Hapo siilaumu Python hata kidogo. Seva yao ilikuwa ikiikataa tokeni ambayo haijawahi kuiona!

Ombi limefika bila tokeni yoyote. Kulikuwa na ugumu gani kuniambia hivyo? RFC 9110 ya mwaka 2022, waraka wa kanuni za HTTP, inataka kila jibu la 401 liambatane na heda ya WWW-Authenticate, inayoeleza ni uthibitisho wa aina gani unaotakiwa. Jibu lao halina heda hiyo. Nimebadilisha mstari mmoja tu, nikaweka anwani mpya, na malipo ya siku tatu yakaingia kabla sijainua kikombe cha chai. (Nimeongeza pia allow_redirects=False, inayozuia ombi kuelekezwa kwingine kimyakimya, ili wakihama tena nijue usiku huo huo.)

Leo asubuhi nimewatumia maelezo haya yote pamoja na picha za skrini. Wamenijibu kwamba wanafurahi kuona ufunguo mpya umelimaliza tatizo.