Mjadala: Gemu nimeilipia, kuihamishia diski nyingine niombe ruhusa ya nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jana usiku SSD yangu ndogo (diski ya kasi ya kompyuta), ile diski C inayobeba Windows, ilibakiwa na GB 6, na ikishajaa hivyo kompyuta nzima inaanza kusota. Nikachomeka SSD ya pili ya TB 1, nikakaa kitako kuhamisha gemu 3.

Ya kwanza ni ya Steam, duka la gemu la mtandaoni. Nikabofya jina lake kwa kitufe cha kulia, nikaingia kwenye sifa zake, sehemu ya faili zilizosakinishwa, nikachagua kuhamisha folda na kuionyesha diski mpya. Niliinuka kunyoosha mgongo, kurudi nakuta imeshamaliza.

Ya pili, duka lake halina kitufe cha namna hiyo. Ikabidi nitumie ujanja wa siku nyingi: nikaibadilisha folda jina, nikaagiza gemu isakinishwe upya kwenye diski mpya, ilipofika asilimia 2 nikaisimamisha, nikafunga programu ya duka, nikamwaga faili zangu za zamani ndani ya folda mpya, kisha nikaiambia iendelee. Ikaanza kukagua faili moja moja, ikakuta kila kitu kipo, ikakubali. Lakini jamani, huo ni mwenendo wa mwenye mali au wa mtu anayepitia dirishani?

Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Folda yake imefungwa kwa ruhusa za mfumo. Kompyuta ni yangu, akaunti ya msimamizi ni yangu, na bado naambiwa sina ruhusa ya kuifungua. Nikalazimisha umiliki wa folda, nikanakili GB 118 zote, gemu ikagoma kuwaka: leseni haijathibitishwa. Na kwa kuwa nilishavuruga ruhusa, hata kule ilikotoka ikagoma. Nimeifuta. Hivi sasa napakua upya GB 118 ambazo jana nilikuwa nazo mkononi. Kati ya SSD mbili, mzigo huo ni dakika chache tu. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa 13.

Hoja yangu ni hii: sheria imlazimishe kila anayeuza gemu za kompyuta kuweka njia ya kuihamisha gemu kutoka diski moja hadi nyingine, bila kuipakua tena na bila kwenda kupiga hodi kwenye seva yake. Kitabu nikikitoa rafu ya juu kukiweka ya chini, simpigii simu mchapishaji. Anayepinga aseme.

Mchangiaji wa kwanza

Sheria kwa ajili ya diski kujaa? Ungenunua kubwa tangu mwanzo yakaisha.

Mleta mada

Mkuu, hata iwe kubwa vipi itajaa. Baldur's Gate 3 peke yake inaomba GB 150. Halafu diski huwa zinakufa, na inayokufa polepole inakupa siku chache tu za kuokoa vitu. Siku hizo sitaki kuzimaliza nikibishana na folda.

Mchangiaji wa pili

Mimi naandika programu kwa kazi, na mfano wako wa kitabu umenikera kidogo. Kitabu chote kiko kati ya majalada mawili. Gemu haiko hivyo. Folda kubwa unayoiona ni mwili tu, viungo vingine vimetapakaa. Kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio ya mfumo, kuna maandishi yanayosema gemu iko kwenye anwani fulani ya diski C. Maendeleo yako ya mchezo mara nyingi yako kwenye folda ya nyaraka au kwenye AppData, ambayo imefichwa. Kuna maktaba za Microsoft zilizosakinishwa pembeni ili gemu iweze kuwaka. Na kama ni gemu ya kushindana mtandaoni, kuna programu ya kuzuia udanganyifu iliyojichimbia ndani ya mfumo wenyewe. Ukikata folda na kuibandika kwingine, umehamisha mwili bila mishipa.

Hata Steam haihamishi folda kavu kavu. Kila gemu ina faili dogo la maelezo pembeni, linaloanza na neno appmanifest, na ndilo linalomjulisha Steam kwamba gemu ipo na imefikia toleo gani. Kitufe ulichobonyeza kilihamisha vyote viwili. Kuna mtu aliandika msimbo huo, akaujaribu, na anautunza mpaka leo. Sasa unataka kila mtu anayetengeneza gemu chumbani kwake ashurutishwe na sheria kufanya hivyo hivyo?

Na hiyo folda iliyofungwa haikufungwa kwa uchoyo peke yake. Programu isiyoweza kuandikwa juu na programu nyingine ni ngumu kuambukizwa, na ni ngumu kuchokonolewa na wadanganyifu.

Kwa wenye shida sasa hivi: kwa gemu ya kawaida isiyofungwa, hamisha folda yote kwenye diski mpya, kisha fungua kidirisha cha amri na utumie mklink /J. Andika kwanza anwani ya zamani, halafu ile mpya. Windows itaweka kiungo pale folda ilipokuwa. Gemu itadhani haijahama, rejista haina habari, maisha yanaendelea. Anwani ya zamani isiwe na folda yenye jina lile lile, vinginevyo amri itakataa. Na kama diski mpya ni ya nje, angalia mfumo wake wa faili, yaani namna inavyopanga mafaili, kabla ya yote: FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na gemu za leo zina mafaili mazito kuliko hapo.

Mchangiaji wa tatu

Mwandika programu amesema kweli kuhusu mishipa, ila amekwepa swali. Mleta mada hakusema kuhamisha ni rahisi. Kauliza nani ana haki ya kukataa.

Kisheria, wengi wetu hatujanunua gemu, tumenunua leseni. California wameliona hilo: tangu 1 Januari 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno la kununua kama hajamweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Na sheria hiyo ina mwanya unaomhusu mleta mada moja kwa moja: haiwahusu wanaomruhusu mteja kupakua kitu kwa kudumu na kukitumia bila intaneti. Yaani ukimpa mtu faili anayoweza kuiweka atakako, unaruhusiwa kusema umemuuzia.

Ulaya nako hawajaelewana. Mwaka 2012, katika kesi ya kampuni za UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na ukomo inaweza kuuzwa tena, mradi muuzaji aifanye nakala yake isitumike. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ikaipeleka hoja hiyo kwenye gemu za Steam, na Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikaigeuza, ikisema gemu ni zaidi ya programu. Lakini kuna kifungu kisichozungumzwa sana: Agizo la Umoja wa Ulaya la 2009 kuhusu programu za kompyuta linasema mkataba hauwezi kumzuia mwenye haki ya kutumia programu asitengeneze nakala ya akiba inayohitajika kwa matumizi hayo. Mkuu, kupambana na diski inayokufa ni nini kama si hicho? Sidai kwamba kifungu hicho kinakupa ushindi kwenye gemu, hasa baada ya ile rufaa ya Paris. Nasema hata sheria zilizopo zinajua nakala iliyo mkononi mwako si fadhila.

Mchangiaji wa nne

Mnapigania folda wakati nyumba inaungua. Wachezaji wa The Crew waliweza kuihamisha gemu yao watakavyo. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft, kampuni yenye gemu hiyo, ilizima seva, na gemu ya mwaka 2014 ikafa kwenye kila diski duniani kwa siku moja. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 Julai 2025. Hilo ndilo la kupigania.

Na msidhani ni mambo ya juzi. Gemu ya Spore ilipotoka mwaka 2008, ikiwa kwenye diski ya plastiki ambayo unaishika kabisa, ilikuja na kufuli lililoruhusu kuiamilisha mara 3 tu. Watu walilalamika mpaka EA, kampuni iliyoiuza, ikaongeza hadi mara 5. Kwa hiyo hata enzi ya kisanduku na diski, kubadilisha kompyuta ilikuwa kama kuomba likizo.

Mchangiaji wa tano

Kwenye konsoli tumeshazoea. PS5 inakubali uweke gemu zake kwenye diski ya nje ya USB, lakini hazichezeki kutoka huko. Ukitaka kucheza unazirudisha ndani. Hakuna anayelia, maana sababu inaeleweka: diski ya nje haifikii kasi ambayo gemu zimetengenezewa. Hata kwenye kompyuta, gemu ya Starfield inataka SSD katika mahitaji yake ya chini kabisa. Ihamishie kwenye diski ya kuzunguka uone.

Mleta mada

Nimewasoma wote, nijibu kwa mkupuo.

Mwandika programu, la mtengenezaji mdogo nakukubalia. Nilichapia niliposema kila anayeuza. Wajibu uwe wa duka, kwa sababu duka ndilo linalosakinisha na ndilo linalojua mishipa imepita wapi. Ila hoja ya usalama siimezi yote. Kulinda folda dhidi ya virusi ni jambo moja. Kumkatalia mwenye kompyuta aliyeingia na nywila yake ni jambo jingine. Wangeweza kufunga mlango na bado wakaniachia ufunguo. GOG wanauza gemu pamoja na kisakinishi unachokihifadhi popote, hakiulizi seva chochote, na duka lao lipo bado.

Wa tano, umenisaidia bila kutaka. PS5 inakuzuia kucheza kutoka USB, haikuzuii kuhifadhi. Kuhifadhi ndiko ninakokuombea nafasi! Gemu ikikwama kwa uzembe wa diski niliyoichagua, nitajilaumu.

Wa nne, wewe ndiye uliyenikalisha. Kweli, folda inayohama kwa uhuru na bado inaisubiri seva iiruhusu kuwaka ni mzigo tu wa GB 118. Lakini sioni kwa nini tuchague moja. Hizo sahihi milioni zinadai gemu ibaki inachezeka baada ya seva kuzimwa. Itabaki wapi, kama faili zenyewe haziwezi kutoka kwenye diski zilimozaliwa?

Sasa niwape habari za nyumbani. Upakuaji umefika asilimia 61. Nimefungua kuangalia nafasi iliyobaki kwenye diski mpya, nikakuta haijapungua hata kidogo. Programu ya duka haikuniuliza mahali. Imeirudisha gemu kule kule C, na C inajaa tena.

Kuna anayejua kama nikiusimamisha sasa zile asilimia 61 zitahama?

Mchangiaji wa pili

Hazitahama. Pole, mkuu. Futa, nenda kwenye mipangilio ya duka, badilisha diski ya kusakinishia, halafu anza upya.