Mjadala: Je, boila za kuni zipigwe marufuku majumbani?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, katika nchi zenye majira marefu ya baridi kuna mabishano makali juu ya boila za kuni, yaani mitambo inayochoma kuni ili kupasha moto maji yanayozungushwa katika mabomba ya nyumba nzima. Mji wa Kraków, nchini Poland, umepiga marufuku uchomaji wa makaa ya mawe na kuni tangu Septemba 1, 2019. Kwa maoni yangu, marufuku ya namna hiyo huziadhibu kuni kwa kosa la mchomaji. Kosa la kwanza ni kuchoma kuni mbichi: mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyageuza kuwa mvuke kabla nyumba haijapata joto la maana. Zikipasuliwa na kupangwa chini ya paa, mahali penye upepo, kwa mwaka mmoja au miwili, kuni hizo hizo hushuka hadi unyevu wa chini ya asilimia 20. Kosa la pili, ambalo hutajwa mara chache, ni kukosa tangi la akiba la maji ya moto. Vyumba vikishapata joto, boila hubanwa hewa, kuni zikafuka badala ya kuwaka, na hapo ndipo moshi mzito na lami hujaa katika dohani. Penye tangi kubwa (mafundi wengi hukadiria walau lita 50 kwa kila kilowati ya boila) moto huachwa uwake kwa nguvu zote, na joto la ziada huhifadhiwa katika maji hadi litakapohitajika. Sheria ilazimishe tangi, isiondoe boila.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, kuhusu tangi sina ubishi, ila sioni nani atakagua. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka, tangu 2020, boila mpya inayolishwa kwa mkono isitoe zaidi ya miligramu 60 za chembechembe kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Kipimo hicho hufanywa kwenye maabara, kwa kuni zilizochaguliwa. Usiku wa baridi kali, mtu anapotupia mbao zenye rangi, hakuna apimaye, na jirani ndiye anayevuta moshi huo bila kuonja joto lake.

Mchangiaji wa pili:
Niongeze kwamba ile sifa ambayo boila za kuni hupewa mara nyingi, ya kuipa nyumba joto hata umeme ukikatika, imetiwa chumvi, kwa maana boila nyingi huhitaji pampu ya umeme kuzungusha maji.

Mleta mada:
Hoja ya pampu naipokea. Kuhusu ukaguzi, ndugu yangu, huko England tangu Mei 2021 kuni zinazouzwa kwa kiasi kisichofikia mita 2 za ujazo hazitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 20. Anayebanwa hapo ni muuzaji, wala hakuna haja ya kuingia nyumbani kwa mtu. Tangi nalo likaguliwe siku boila inapofungwa, kwa kuwa chombo cha lita elfu moja hakifichiki.