Kombe la U.S. Open: vigogo wa MLS wamewafungia wanyonge mlango, na Shirikisho limewashikia kitasa

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimesoma humu mchango wa ndugu mmoja aliyeandika kwamba Kombe la U.S. Open, kombe la mtoano la soka linalozikutanisha timu za madaraja yote ya Marekani, ni ndondo ya Wamarekani, kwamba timu za MLS, yaani ligi kuu ya huku, zina kila haki ya kulikwepa kwa kuwa ratiba imebana, na kwamba timu za madaraja ya chini hazijapoteza chochote zikikutana zenyewe kwa zenyewe. Mimi naishi Cincinnati kwa mwaka wa kumi na ushee sasa. Nimeona kwa macho yangu kile ambacho timu ya daraja la pili inaweza kukifanya pale inapopewa siku moja tu ya kumkabili kigogo, na siwezi kunyamaza huku watu wakiandika kana kwamba jambo hilo halikuwahi kuwapo.

Wengi wetu tumekulia katika soka ambalo timu ikishinda inapanda daraja na ikivurunda inashuka, kwa hiyo tunadhani kila nchi iko hivyo. Marekani haiko hivyo. Huko hakuna kupanda wala kushuka. Timu ya daraja la pili inaweza kutwaa ubingwa wa ligi yake mwaka hadi mwaka na isisogee hata hatua moja, kwa sababu nafasi ya kuingia MLS hainunuliwi kwa pointi, inanunuliwa kwa fedha: San Diego FC iliyoanza kucheza 2025 iliripotiwa kulipa dola milioni 500 za kiingilio. Kwa maana hiyo kombe la mtoano ndiyo njia ya pekee ambayo kijana anayecheza Omaha au Pittsburgh anaweza kuingia uwanja mmoja na timu ya ligi kuu katika mechi yenye maana. Njia nyingine hakuna. Ukiiziba hiyo, umemwambia abaki alipo hadi astaafu.

Na kombe hili si la jana. Fainali ya kwanza ilichezwa 1914 huko Pawtucket, Rhode Island, ambako Brooklyn Field Club waliwafunga Brooklyn Celtic 2–1. Kwa miongo mingi lilikuwa kombe la wafanyakazi wa viwandani na la wahamiaji: Bethlehem Steel, timu ya kiwanda cha chuma, ilitwaa mara tano, na baadaye Maccabi Los Angeles ikaifikia idadi hiyo, huku timu ya Wagiriki wa New York ikilichukua mara tatu mfululizo kuanzia 1967 hadi 1969. Timu za ile ligi ya zamani ya NASL, wakiwamo Cosmos wa Pelé, hazikushiriki kabisa. Ligi ile yenye fedha na majina makubwa ilikufa miaka ya 1980, na kombe likaendelea kuchezwa na watu waliotoka kazini jioni na viatu vya mpira mkobani. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba kombe hili linaishi kwa hisani ya vigogo, namwomba arudi kwenye historia.

MLS ilipoanza 1996 timu zake ziliingia, na miaka mitatu baadaye zikapata kipigo ambacho hadi leo hazijapenda kukizungumzia. Rochester Raging Rhinos, timu ya daraja la pili kutoka kaskazini mwa jimbo la New York, iliwatoa Chicago Fire waliokuwa mabingwa watetezi, ikawatoa Dallas Burn, ikawatoa Columbus Crew, kisha Septemba 1999 ikawafunga Colorado Rapids 2–0 katika fainali, mabao ya Doug Miller na Yari Allnutt. Timu nne za ligi kuu kwa mkupuo mmoja! Hakuna timu nyingine nje ya MLS iliyolitwaa kombe tangu timu za MLS zianze kushiriki. Katika nchi yenye kupanda daraja, kikosi kile kingekuwa ligi kuu na jiji lile lingekuwa na klabu yenye mizizi hadi leo. Rochester hawakupata nafasi hiyo. Timu ilisimama mwishoni mwa 2017, ikarudi 2022 kwa jina jipya, na Machi 2023 ikafungwa.

Sasa nije kwenye niliyoyaona mwenyewe.

Mwaka 2017 FC Cincinnati ilikuwa timu ya daraja la pili yenye umri wa miaka miwili, ikicheza Nippert, uwanja wa chuo kikuu uliobanwa katikati ya majengo ya madarasa. Juni walikuja Columbus Crew, ndugu zetu wakubwa wa jimbo hili la Ohio, na mbele ya watazamaji 30,160 Djiby Fall, Msenegali, akawafunga bao moja lililotosha. Wiki mbili baadaye wakaja Chicago Fire, klabu aliyokuwa akiichezea Bastian Schweinsteiger wakati ule, dakika 120 zikaisha bila bao, na kipa wetu Mitch Hildebrandt akapangua penalti tatu. Agosti 15 ikawa nusu fainali dhidi ya New York Red Bulls, na watu waliofika walikuwa 33,250. Siku ya katikati ya wiki, kombe ambalo ndugu yetu analiita ndondo.

Nilikwenda na mzee mmoja Mrundi tuliyekuwa tukifanya naye kazi ghalani zamu ya asubuhi. Alikuwa hajawahi kulipia tiketi ya mpira tangu afike nchi hii, akisema mpira wa Wamarekani hauna roho. Tulikaa kwenye mabenchi ya bati, na kwa nusu saa ya kwanza alikuwa amelikunja koti lake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitalini. Austin Berry alipofunga la kwanza, mzee hakusema neno. Fall alipofunga la pili katika kipindi cha pili, mzee alipanda juu ya benchi, koti likaanguka chini kwenye miguu ya watu, akanishika bega akaniambia, "Mwanangu, hawa tunawatoa." Hatukuwatoa. Red Bulls walirudisha mabao mawili ndani ya dakika chache, na katika muda wa nyongeza Bradley Wright-Phillips akafunga la tatu. Ilipopulizwa filimbi ya mwisho umati haukukimbilia milangoni. Ulisimama kuwapigia makofi wachezaji wa daraja la pili waliotembea kuuzunguka uwanja huku baadhi yao wakilia. Mzee aliniuliza njiani, tukiwa tumekwama kwenye msongamano wa magari, kama mwakani litachezwa tena. Nilimjibu kwamba huchezwa kila mwaka.

Mechi tatu, watazamaji zaidi ya 95,000. Mei 2018 MLS ikatangaza kwamba Cincinnati imepewa nafasi, na hakuna atakayenishawishi kwamba majukwaa yale yaliyojaa hayakuwa sehemu ya sababu. Kombe hili hili ndilo lililoionyesha ligi kuu kwamba jiji letu lina watu wa mpira.

Wala Cincinnati haikuwa peke yake. Mei 2012 Cal FC, timu ya ridhaa kutoka Thousand Oaks, California, iliyofundishwa na Eric Wynalda, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Marekani, ilikwenda Portland na kuwatoa Timbers kwenye uwanja wao. Mshambuliaji wa Timbers, Kris Boyd, alikosa penalti, mechi ikaenda muda wa nyongeza, na Artur Aghasyan akafunga bao la pekee. Wachezaji waliokataliwa na kila klabu ya kulipwa waliitoa timu ya ligi kuu mbele ya mashabiki wake. Mwaka ule ule wa 2017, Christos FC ya Maryland, timu iliyobeba jina la duka la vileo lililoidhamini, watu wenye ajira zao za kutwa na wasio na utaratibu wa kufanya mazoezi pamoja, waliwatangulia D.C. United ya MLS kwa mpira wa adhabu wa Mamadou Kansaye. Walifungwa 4–1 mwishowe, sawa, lakini kwa dakika kadhaa D.C. United walikuwa nyuma ya watu ambao wengi wao walipaswa kuwahi kazini kesho yake.

Halafu Sacramento Republic, timu ya daraja la pili kutoka California, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Oktoba 2019 MLS iliwatangazia kwamba wamepata nafasi. Februari 2021 mwekezaji mkuu akajitoa na nafasi ikayeyuka, bila wachezaji wala mashabiki kuwa na kosa lolote. Mwaka 2022, wakiwa bado daraja la pili, wakazitoa timu tatu za MLS: wakawafunga San Jose Earthquakes 2–0, wakawafunga LA Galaxy 2–1 ugenini, na nusu fainali wakawatoa Sporting Kansas City kwa mikwaju ya penalti, Rodrigo López akipiga ule wa mwisho. Fainalini Orlando City waliwashinda 3–0, ingawa hadi dakika ya 75 ubao ulisomeka 0–0. Timu iliyoambiwa na wenye fedha kwamba haitoshi ilifika fainali kwa miguu yake. Ligi ilitakiwa kuiona aibu hiyo na kujirekebisha. Ikachagua njia nyingine.

Desemba 15, 2023 MLS ilitangaza kwamba msimu wa 2024 timu zake za kwanza hazitacheza kombe hili, na badala yake zitapelekwa timu za MLS Next Pro, yaani vikosi vya akiba na vya vijana. Sababu mbili zilitolewa: ratiba kubana, na kuwapa vijana nafasi ya kukua. Hiyo ya ratiba naikataa kabisa. Miezi michache tu kabla ya tangazo hilo, ligi hiyo hiyo ilikuwa imesimamisha msimu wake kwa takriban mwezi mzima ili kucheza Leagues Cup, mashindano iliyoyabuni yenyewe pamoja na ligi ya Mexico. Mtu anayejipikia sherehe yake ya mwezi mzima hawezi kuniambia kwamba hana jioni tatu au nne za kwenda kucheza Omaha au Louisville. Na hoja ya kwamba hakuna anayelijali kombe hili haisimami, kwa kuwa Agosti 2023 Lionel Messi mwenyewe alicheza nusu fainali yake hapa Cincinnati, Inter Miami wakitoka nyuma kwa mabao mawili na kutushinda kwa penalti.

Kuhusu kuwakuza vijana: nionyesheni kijana wa daraja la tatu atakayesimulia wajukuu wake kwamba aliwahi kukifunga kikosi cha akiba cha klabu fulani. Aliyewahi kuitoa Minnesota United ya MLS, kama Union Omaha walivyofanya 2022 wakiwa daraja la tatu, ana la kusimulia.

Siku tano baada ya tangazo, Shirikisho la Soka la Marekani lilikataa ombi hilo la MLS, na wengi wetu tulishangilia. Kanuni ziko wazi, timu ya daraja la kwanza inawajibika kushiriki. Tulishangilia mapema mno. Ilipofika Machi 2024 Shirikisho lilikuwa limelegea, na timu za kwanza za MLS zilizoingia zilikuwa 8 tu kati ya 26 za Marekani (MLS ina timu za Kanada pia). Mwaka 2025 zikawa 16 kati ya 27, na watu wakaniambia nishukuru. Nishukuru nini? Unapochukuliwa ng'ombe wako kumi na kurudishiwa sita, bado umeibiwa wanne. Lawama yangu kubwa nazielekeza kwa Shirikisho kuliko kwa ligi, kwa sababu ligi ni wafanyabiashara na wanatazama hesabu zao, lakini Shirikisho ndilo lililokabidhiwa kombe na kanuni, likaziweka kanuni mezani na kuanza kuzipatania.

Ninayoyataka nayasema waziwazi. Timu zote za MLS zilizoko Marekani ziingie kombeni na vikosi vyao vya kwanza, hata kama zitaanzia raundi za mbele. Timu ya daraja la chini inapopangwa na ya ligi kuu, mechi ichezwe kwa mwenyeji mdogo kila uwanja wake unapofaa, kwa kuwa kiingilio cha jioni moja ya namna ile kinaweza kuisaidia klabu ndogo msimu mzima. Zawadi nayo itazamwe upya: mwaka 2025 bingwa alipata dola 600,000, na timu iliyofika mbali zaidi katika kila daraja la chini ikapata 50,000, kiasi ambacho hakiendi mbali ukishalipa ndege na hoteli za wachezaji ishirini na zaidi.

Ndugu uliyeandika kwamba timu hizi hazijapoteza chochote, nakuomba kwa heshima urudi kwenye uzi huu na unitajie mlango mwingine walionao. Na nyinyi mnaoishi Sacramento, Louisville, Omaha, Pittsburgh na kwingineko, mliokwenda uwanjani usiku kama ule, wekeni hapa tarehe na mliyoyaona. Mimi barua yangu kwa Shirikisho nimekwisha kuiandika, kurasa mbili, na nimeambatanisha picha ya tiketi zetu za Agosti 15, yangu na ya mzee.