Majirani Barabara ya Pili: mtoto anatapika kila mwezi, malaria haipo

Mama Ilham: Shikamooni wakubwa. Mjukuu wa Bibi Kheri, miaka 6, leo tena anatapika toka saa kumi alfajiri. Mwezi jana hivyo hivyo, na ule wa nyuma yake. Kapimwa malaria, hamna. Bibi hana chaji, naulizia mimi.

Mama Nasra (nesi): Marahaba. Kabla ya yote: matapishi rangi gani? Damu ipo? Tumbo gumu? Kakojoa mara ya mwisho saa ngapi?

Mama Ilham: Mwanzo meupe, sasa njano. Damu hamna. Tumbo laini, ila kitovuni panamuuma. Kakojoa saa mbili asubuhi.

Mama Nasra (nesi): Sasa hivi saa saba, kwa hiyo masaa matano bila mkojo. Yakifika 6 bila mkojo, macho yakadidimia, akilia bila machozi au akawa mzito kuamka, ni dripu, msibishane. Njano kidogo tumbo likiwa tupu hutokea. Kijani cha majani msisubiri hata dakika, utumbo unaweza kuwa umejisokota.

Mzee Kombo: Kila mwezi tena alfajiri? Hilo ni jicho.

Dkt. Salma: Mzee wangu shikamoo. Hiyo alfajiri ndiyo inayonifanya nifikirie ugonjwa wa kutapika kwa mzunguko. Mashambulizi yake yanafanana kama pacha: saa ile ile, yanachukua muda ule ule, yanaisha namna ile ile, na katikati mtoto mzima kabisa, anacheza mpira. Ndugu yake wa karibu ni kipandauso. Mama Ilham, muulize Bibi kama mama wa mtoto anaumwa kichwa cha upande mmoja.

Mama Ilham: Anaumwa sana!! Anajifungia chumbani gizani.

Dkt. Salma: Basi. Siyo ugonjwa mpya, Samuel Gee aliuandika London mwaka 1882. Vigezo vya Roma IV (mwongozo wa kimataifa wa kutambua magonjwa ya tumbo) kwa mtoto: vipindi 2 au zaidi ndani ya miezi 6, kila kimoja kutapika kwa nguvu saa hadi siku kadhaa, katikati anarudi kawaida yake, na daktari ametafuta sababu nyingine akakosa. Mtu mzima: vipindi 3 ndani ya mwaka, 2 kati yake ndani ya miezi 6, vimepishana angalau wiki, kila kimoja chini ya wiki. Ukali wake wenyewe ni kutapika mara 4 na zaidi kwa saa moja. Tumbo la kawaida la kuhara halitapishi hivyo, halafu huku kuhara kwa kawaida hakuna.

Side: Mbona mwezi jana walimpa dawa ya taifodi akapona?

Dkt. Salma: Swali zuri kaka. Shambulizi lilikuwa linaisha lenyewe siku ya pili. Dawa yoyote ingepewa sifa siku hiyo, hata maji ya mchele. Ndiyo maana watoto hawa wanazunguka na "malaria sugu" miaka.

Mama Nasra (nesi): Na ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) msiimimine kikombe kizima. Pakiti 1 kwa lita 1 ya maji safi, kijiko cha chai (mililita 5) kila dakika 1 au 2. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena taratibu zaidi. Ila ugonjwa huu mara nyingi unaishinda ORS. Saa 2 zikipita vyote vinarudi, twende hospitali.

Dkt. Salma: Hospitali ombeni damu ichukuliwe KABLA ya dripu: sukari, sodiamu na potasiamu, na ketoni (tindikali mwili unazotoa ukichoma mafuta) kwenye mkojo. Dripu ikishaingia picha inabadilika. Na iwe na glukosi pamoja na chumvi, siyo chumvi tupu, maana njaa inazalisha ketoni na ketoni zinaongeza kichefuchefu. Taa zizimwe, wageni wapungue. Mtoto hataki kusemeshwa, siyo jeuri.

Ben Famasi: Ondansetron, dawa ya kuzuia kutapika, inasaidia, na inafaa zaidi ikiwahi, mtoto akianza tu kupauka na kukataa chai. Ya kuyeyuka ulimini: kilo 8–15 miligramu 2, kilo 15–30 miligramu 4, juu ya hapo 8. Mwenye shida ya mapigo ya moyo aseme kwanza. Ile metoklopramidi mnayopenda kuniomba "ya kuzuia kutapika" mtoto sitoi kienyeji, inaweza kupindisha shingo na macho.

Mama Ilham: Kwa hiyo itajirudia kila mwezi hadi lini?

Dkt. Salma: Wengi huacha wakikua, baadhi hubadilika kuwa kipandauso. Yakija mara kwa mara kuna dawa ya kuzuia, ya kila siku. Chini ya miaka 5 ni siproheptadini, kuanzia 5 ni amitriptilini usiku, tunaanza kidogo (kama miligramu 10) tunapanda polepole, kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza. Usihukumu kabla ya miezi 2. Propranolol ni ya akiba, mwenye pumu asiguse.

Ben Famasi: Siproheptadini ndiyo ile watu wananunua "ya kunenepesha". Italeta usingizi na njaa, msishangae. Na amitriptilini watu wanasoma karatasi, wanaona "sonona", wanatupa. Hapa kazi yake nyingine.

Side: Jamaa yangu miaka 24 anatapika hivyo, anakaa bafuni na maji ya moto masaa ndiyo anapata nafuu.

Dkt. Salma: Bhangi anavuta?

Side: 😅 Kila siku.

Dkt. Salma: Uvutaji wa kila siku kwa muda mrefu huleta ugonjwa unaofanana mno na huu. Maji ya moto peke yake hayathibitishi, hata wasiovuta hutafuta nafuu hiyo. Kipimo ni kuacha kabisa miezi 6 au zaidi, siyo wiki 2. Na aache kuamini inamtuliza kichefuchefu.

Mama Nasra (nesi): Bibi aanze daftari: tarehe, saa ya kuanza, mara ngapi kwa saa, lini imeisha, na siku 2 za nyuma kulikuwa na nini. Mafua, kukosa usingizi, safari, kulala njaa, hata furaha ya Idi inaweza kuwasha moto. Uji kabla ya kulala unawasaidia wengine.

Dkt. Salma: Daftari hilo lina thamani kuliko nusu ya vipimo. Ila mara moja apigwe picha ya utumbo akiwa amekunywa dawa ya rangi, tuone utumbo umekaa sawa. Na haya siyo mzunguko: kichwa kuuma kila asubuhi na kuyumba akitembea, kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, homa na shingo ngumu.

Mama Ilham: Katapika tena sasa hivi, kijiko hakikai. Nampigia Side alete bajaji.

Side: Niko getini.

Mama Nasra (nesi): Alale ubavu njiani. Chukueni na ile kadi ya kliniki yenye uzito wake.

Ben Famasi: Wakimpa amitriptilini baadaye, ikae juu na ifungwe. Vidonge vichache vinaweza kuua mtoto mdogo, na mle ndani kuna wa miaka 2.