Binti wa dada anataka kusomea mionzi: chuo cha binafsi, cha serikali, au aende kidato cha tano kwanza?

MjombaWaIringa
Wakuu habari za jioni. Nina binti wa dada yangu, kamaliza kidato cha nne, anataka kusomea udaktari wa mionzi, yaani wale wanaopiga eksirei. Ada nalipa mimi. Njia tunazofikiria ni tatu. Kuna chuo cha binafsi hapa mjini, atakuwa anatokea nyumbani. Kuna kuomba cha serikali kupitia NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambako anaweza kutupwa mkoa wowote. Au aende kidato cha tano, achukue PCB (fizikia, kemia, baiolojia), aje asome digrii kule Bugando, Mwanza. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Ipi bora? Msiniambie asome ualimu, hilo tumeshamalizana nyumbani.

KiloVolti
Mjomba umeandika kila kitu umeacha matokeo. Fizikia kapata nini? Kemia? Baiolojia? Bila hayo tunapiga ramli.

Halafu anayepiga eksirei si daktari wa mionzi. Huyo ni radiografa. Daktari wa mionzi ni mtu aliyesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka wa utarajali, kisha akarudi darasani kuchukua ubingwa wa radiolojia. Yeye ndiye anayesoma picha na kuandika ripoti. Radiografa ndiye anayempanga mgonjwa, anachagua kiasi cha mionzi na kuitoa picha. Picha ikiwa mbovu, bingwa hana cha kusoma. Mwulize binti anataka ipi kati ya hizo mbili kabla hujatoa hela.

Kobalti60
Na kuna ya tatu ambayo watu hawaijui: tibamionzi. Huko hupigi picha, unatibu saratani kwa mionzi. Mashine ziko sehemu kama Ocean Road, ile taasisi ya saratani ya Dar, na Bugando, wataalamu bado wachache. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana digrii yake. Kila mtu anakimbilia eksirei kwa sababu ndiyo aliyopigwa yeye alipovunjika mkono.

MjombaWaIringa
Asanteni. Matokeo: divisheni three ya 24. Masomo ya sayansi kafaulu vizuri tu.

KiloVolti
"Vizuri tu" si daraja, mjomba. Kuna A, B, C, D na F. Chagua mojawapo uandike hapa.

ChumbaChaGiza
Wakati tunasubiri madaraja ngoja nisimulie yangu, kwa sababu njia ya kwanza ndiyo niliyopita mimi.

Nilisoma chuo cha binafsi, jina silitaji. Siku ya kuripoti tulionyeshwa chumba cha eksirei. Mashine ipo, imefunikwa shuka la bluu, tukapiga nayo na selfi. Wiki ya tatu mkufunzi akasema inasubiri fundi. Fundi alikuja tukiwa mwaka wa pili. Akafungua, akaondoka na kipuri ndani ya mfuko wa rambo, hatukumwona tena. Kwa hiyo kumpanga mgonjwa tulijifunza kwa kulazana wenyewe kwa wenyewe juu ya meza, mmoja kashika kopo la rangi juu yako, hilo ndilo bomba la eksirei.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, tukapelekwa hospitali moja ambako tulikuta vyuo vingine viwili. Wanafunzi thelathini na kitu, mashine moja. Unasimama mlangoni unachungulia kwa zamu. Kitabu cha fildi kinataka picha ulizopiga kwa mkono wako, lakini tulikuwa tunasainiwa kwa mkupuo Ijumaa jioni kama mahudhurio ya kikao cha harusi.

Mitihani nilifaulu, tena vizuri. Kifua: mgonjwa asimame, uso uelekee kaseti (lile bamba linalopokea picha), mabega mbele, umbali sentimita 180, avute pumzi aishikilie. Hiyo hata sasa hivi ukiniamsha usingizini nakutajia.

Sasa nikapata pa kujitolea. Wiki ya kwanza analetwa mzee kaanguka na bodaboda, bega. Ya mbele nikapiga, ikatoka. Daktari anataka na ya pembeni. Kitabuni mgonjwa ananyanyua mkono. Mzee mkono haunyanyuki, ukimgusa anaita jina la mama yake. Nikapiga mara nne. Mtu mmoja, bega moja, mara nne, na hiyo ya nne nayo kichwa cha mfupa kimebaki nje ya picha. Akaja dada mmoja wa zamu ya usiku, hakunisema hata neno. Akamsimamisha mzee, mkono akauacha palepale unaponing'inia, akamgeuza mwili mpaka bapa la bega likasimama wima mbele ya kaseti. Picha moja. Ikatoka kama herufi Y, unaona kabisa mfupa umechomoka kwenda mbele. Mimi kazi nilijifunzia kwenye bega la mzee wa watu.

Mjomba, kabla ya kuuliza ada, ingia chumba cha mashine useme: naomba muiwashe. Halafu uliza fildi wanapeleka wapi, na mkiwa wangapi.

Nesi_Wa_Zamu
Kisa cha ChumbaChaGiza kimenikumbusha vijana tunaoletewa wodini. Lakini tusitukane vyuo vyote vya binafsi, vipo vinavyomilikiwa na hospitali, mashine ziko hatua hamsini kutoka darasani. Na vya serikali navyo vina siku zao.

KiloVolti
Vina siku zao, sawa, ila mimi diploma nimeichukua MUHAS na hospitali ya taifa ilikuwa mlangoni. Mgonjwa wa ajali, mtoto wa siku mbili, mama wa kilo mia na arobaini, wote nimewapiga kabla sijamaliza. Hicho hukinunui. Mjomba pia aangalie kozi iwe inatambuliwa na Baraza la Wataalamu wa Radiolojia na Picha. Baraza lipo kwa sheria tangu 2007. Usiposajiliwa, cheti unakitundika ukutani unakitazama.

Juma_wa_Pili
Mnaongea ada na vyuo, mmeacha jambo kubwa. Mionzi inaharibu uzazi. Jirani yetu kapiga eksirei miaka ishirini hana mtoto. Mtoto wa kike mnampeleka huko?

KiloVolti
Mimi ninao wanne, mmoja nusura amwage chai kwenye simu hii.

Juma, mashine ya eksirei ikizimwa mionzi imekwisha, haibaki ukutani kama harufu ya samaki. Inatoka pale tu unapobonyeza, na wewe muda huo uko nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Ukizidisha umbali mara mbili, inayokufikia inabaki robo. Kila mmoja anavaa beji kifuani inayopima, na TAEC, tume ya nguvu za atomiki, ndio wanaozisoma. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiverti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka ndani ya miaka mitano, na mwaka wowote usivuke 50. Mjamzito anatoa taarifa mapema, anapangiwa kazi nyingine. Utrasaundi na MRI hazina hata hiyo mionzi ya kuogopa, MRI ni sumaku.

ChumbaChaGiza
Sumaku ambayo haizimwi hata usiku. Mwambieni anayeingia na mtungi wa chuma wa oksijeni.

Na hizo beji KiloVolti, sema ukweli, kuna vituo beji zinakaa kwenye droo ili zisiharibike.

MnyamweziMinnesota
Salaam kutoka kwenye theluji. Huku kazi hii ina heshima na mshahara wake, lakini msidanganyike kwamba diploma ya nyumbani inakuvusha moja kwa moja. Mimi nilikuja nayo, nikarudi darasani. ARRT, wanaotoa cheti, tangu 2015 wanataka angalau digrii ya miaka miwili, na programu yenyewe iwe wanayoitambua wao. Nikakaa na watoto wa miaka kumi na tisa kwenye chuo cha jamii, fildi alfajiri, usiku napanga bidhaa ghalani. Mtihani una maswali 200 yanayohesabiwa, unatafuta alama 75, nafasi ni tatu ndani ya miaka mitatu. Baada ya hapo ndipo unaongeza siti skani au MRI. Ila nisingekuwa na msingi wa nyumbani ningelia zaidi ya nilivyolia.

Kisumu_Ndogo
Huku kwetu Kenya watu huenda KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, diploma ya sayansi ya picha za kitabibu, miaka mitatu. Mimi niko huko. Fizikia usiichukulie kama mchezo, bwana. Tulianza wengi, wengine walihamia kozi nyingine hata muhula haujaisha.

Nesi_Wa_Zamu
Mimi ningekuwa mama yake ningempeleka kwenye utrasaundi. Kila zahanati inataka mtu wa utrasaundi, wajawazito hawaishi.

Kobalti60
Utrasaundi ipi, ile kozi ya miezi mitatu? Hiyo ndiyo imejaza mtaani watu wanaomwambia mama mapacha kumbe ni mmoja kageuka.

Nesi_Wa_Zamu
Tabibu wetu alisoma hiyo ya miezi mitatu na hajawahi kukosea.

Kobalti60
Hajawahi kukosea au hajawahi kuambiwa? Mwanamke akijifungulia kwingine, nani anarudi kumpa taarifa?

MjombaWaIringa
Samahanini, simu ya dada ilikuwa haipatikani. Nimetumiwa madaraja: baiolojia C, kemia C, kiswahili B, kiingereza D, fizikia D, hesabu F.

KiloVolti
Sasa tunazungumza. PCB na fizikia ya D atakwenda kuteseka miaka miwili, mimi njia ya tatu naifuta. Diploma sifa anazo, ila afungue kitabu cha mwongozo cha NACTVET asome mstari wa kozi yenyewe, chuo kwa chuo. Na hesabu aanze kuirudia leo, huwezi kucheza na kilovolti na miliampia za mashine kama kugawanya kunakushinda. Ombea cha serikali. Bodi ya mikopo nayo siku hizi inawafikiria diploma za afya.

MnyamweziMinnesota
Mimi hesabu nilipata F. Nipo.

Kobalti60
Na tibamionzi mmeipita kama basi lisilo na abiria.

ChumbaChaGiza
Mjomba, kile chuo cha mjini ulikwenda?

MjombaWaIringa
Nimetoka huko sasa hivi. Ofisi nzuri, nimepewa soda. Nikasema kama ulivyoniambia, naomba muiwashe. Wakatazamana. Nikaambiwa funguo za chumba cha mashine anazo mkuu wa chuo, naye yuko safarini Dodoma, arudi Jumatatu.

KiloVolti
Dirisha linafungwa Ijumaa.

MjombaWaIringa
Ndiyo hapo nimekwama. Dada naye anasema asiende mbali, akae hapahapa nimwone.

Juma_wa_Pili
Hiyo ya utrasaundi ya miezi mitatu ni shilingi ngapi?