Kutu ndani ya tangi la pikipiki: siki, asidi ya betri au umeme?

BodaBarani
Wakuu, tangi la Boxer limeshika kutu ndani. Chujio linaziba kila mara, kabureta ndiyo usiseme. Fundi mmoja hapa Malindi anataka kumwaga asidi ya betri, mwingine anasema siki, na nimesikia habari za umeme. Tangi jipya siliwezi kwa sasa. Mnaonaje?

Mpwa_Gongoni
Asidi ya betri achana nayo. Kutu itatoka haraka, kweli, lakini ikishamaliza kutu inaanza bati. Na ikidondokea nje, rangi kwaheri.

FundiMaweni
Mpwa kasema kweli. Mimi ni mtu wa siki. Ya dukani ina asidi ya asetiki kama asilimia 5, inakula kutu polepole na bati haliumii sana. Mwaga petroli yote, toa koki na geji, ziba matundu. Osha kwa sabuni ya unga mpaka mafuta yaishe, maana siki haishiki penye mafuta. Tia nati na kokoto, tikisa maganda yalegee, kisha hesabu nati zinapotoka! Halafu jaza siki mpaka juu kabisa, kwani kutu mbaya hukaa darini mwa tangi, pale unyevu unapoganda likiwa nusu tupu. Acha siku moja au mbili, ukichungulia.

Tatizo ni wingi wa siki, tangi hilo linameza lita kama 11. Ukipata asidi ya sitriki, ule unga unaotiwa kwenye juisi, changanya na maji ya moto, kazi ni ile ile.

Mpwa_Gongoni
Na umeme je, ami?

FundiMaweni
Unafanya kazi. Maji yenye magadi, chaja ya betri, hasi kwenye tangi, chanya kwenye kipande cha chuma kinachoning'inia ndani bila kugusa tangi. Kisiwe kile chuma kisichoshika kutu (stainless), kinatoa sumu. Bati haliliwi kabisa, huo ndio uzuri wake. Ila pembe zilizojificha hazisafiki vizuri, na inatoka haidrojeni, cheche moja tu inalipuka. Ufanyie nje, na uzime chaja kabla ya kugusa waya. Kwa tangi la boda naona ni usumbufu.

Mokowe_Rider
Mnabishana kuhusu kutoa, kurudi je? Bati likitoka kwenye siki liko uchi, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu mpya inaanza hujamaliza chai. Suuza kwa maji ya magadi kuua asidi, kisha maji safi, kisha spiriti ifukuze maji. Kausha juani, usikaribishe moto. Papo hapo tia petroli iliyochanganywa na oili kidogo, zungusha ienee kote.

BodaBarani
Shukrani. Siki basi. Ile rangi ya kupaka ndani ya tangi?

Mokowe_Rider
Ikipakwa juu ya mafuta au unyevu inabambuka, na vipande vyake vinaziba kuliko kutu yenyewe. Mimi sipaki.

FundiMaweni
Kabla hujanunua siki, chokonoa kwa bisibisi chini kwenye maungio. Ikipenya, tafuta tangi la mtumba. Ukisalimika, badilisha chujio, na pikipiki ikilala ilale na tangi limejaa.